Siku ya Tisa ya Kufunga

Jumamosi, tarehe 14 Julai 1984. Asubuhi hiyo upepo wa kusini ulivuma tangu alfajiri, ziwa lilikuwa limechafuka, na vumbi la kiangazi liliifunika milima ya ng'ambo hata isionekane.

Meli kutoka Bujumbura ilifika bandarini Kigoma saa mbili. Frida alishuka akishikwa mkono na mumewe, Nikodemu, maana alikuwa ametapika njia nzima. Lakini si mawimbi tu yaliyomchafua. Alikuwa amebeba habari ya msiba, na mwenye msiba alikuwa amesimama getini, amevaa kitenge kipya, akiwaangalia abiria waliokuwa nyuma yao.

Huyo alikuwa Skolastika, rafiki yake wa utotoni. Walikulia kilima kimoja kule Burundi, wakapata kipaimara siku moja. Mwaka 1972 Skolastika na mumewe Anatoli walikimbia mauaji, na mama yake Skolastika, ambaye hakuweza mwendo wa haraka, akabaki kwa Frida. Sasa walikuwa na miaka kumi na miwili Ujiji. Katika barua yake ya mwisho Frida aliandika kwamba Julai atakuja na mama. Barua ilikuwa imeshatumwa mama alipofariki.

"Mama yuko wapi?" Skolastika aliuliza kabla hata ya kusalimu.

Frida alimjibu kwamba mama hakusafiri, na mengine watazungumza nyumbani wakishakula. Kwao habari ya kifo mtu hapewi njiani, wala hapewi akiwa na njaa. Huketishwa kwanza, akala, majirani wakawa karibu wa kumshika, ndipo akaambiwa. Hivyo ndivyo Frida alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyokusudia kufanya.

Skolastika akacheka. Alisema mama amezidi kuogopa maji, basi atakuja na meli nyingine. "Haya, nitawaonyesha nyinyi mji, mkamsimulie aache woga."

Akawatembeza. Aliwaonyesha stesheni ya reli, akaeleza kwamba treni ile inakwenda mpaka Dar es Salaam, kana kwamba reli aliitandaza yeye. Aliwapeleka ufukweni Bangwe, wakaona dagaa walioanikwa mchangani wakimetameta kama sindano. Alisema mama atawapenda dagaa wale kwa kuwa hawahitaji meno. Kila alipokutana na mtu alimtambulisha Frida kwa Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani, na Frida alipojibu kwa Kirundi alimkanya.

"Sema Kiswahili, mwenzangu. Watu watadhani nimeokota mgeni."

"Na wewe ulipofika hukuokotwa?" Frida akasema, na wote wakacheka.

Saa saba walikuwa Ujiji nyumbani. Skolastika aliandaa ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, waliopikwa kwa mawese. Frida alimwomba Mungu kimoyomoyo ampe maneno, akangoja rafiki yake amege tonge. Lakini Skolastika alinawisha wageni, akaketi pembeni, hakugusa kitu.

Alieleza kwamba yuko kwenye novena. Amefunga siku nane, na leo ni ya tisa. Hali wala hanywi mpaka jua lizame. Nia yake ni moja, kwamba Mungu amfikishe mama salama.

Nikodemu aliacha kutafuna. Frida aliangalia chini.

Baada ya chakula waliingizwa katika chumba kidogo cha uani. Anatoli, ambaye ni seremala, alikuwa ametengeneza kitanda kifupi ili mama asihangaike kupanda. Jirani yao, Bi Kuruthumu, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa amesuka mkeka. Skolastika aliketi kitandani akaeleza kwamba dirisha lile limeelekezwa ziwani kusudi, ili mama akiamka aone upande wa kwao. Frida alitoka nje akasingizia joto.

Bi Kuruthumu alimkuta ameegemea ukuta. Frida alimwamkia, kisha akamweleza yote, akamwomba aje jioni na wanawake wawili watatu.

"Kwetu angeambiwa pale pale bandarini," Bi Kuruthumu alisema. "Yeye anakutembeza mji, na wewe unamtembeza yeye. Sijui nani anamchosha mwenzake."

"Hajala, Bi Kuruthumu."

"Nimekusikia. Nitakuja. Lakini ujue jua la leo litachelewa."

Kweli lilichelewa. Adhana ya magharibi iliposikika, Skolastika alipiga ishara ya msalaba, akanywa uji. Bi Kuruthumu na wanawake wawili walikuwa wameshaketi mkekani, na Anatoli alikuwa ametoka kazini. Skolastika aliwashukuru kwa kuja kuona wageni. Alipoweka kikombe chini, Frida alimsogelea, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwamba mama yake alifariki wiki saba zilizopita, kwamba alipata padri, na kwamba alizikwa kwa heshima.

Skolastika hakupiga kelele. Aliangalia kikombe.

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa nimemwombea safari mtu aliyekwisha kufika."

Wanawake walimshika, ndipo akalia. Bi Kuruthumu alimkumbatia akimwita mwanangu. Skolastika alipotulia kidogo alimgeukia Frida, akamuuliza kwa nini alimwacha aonyeshe hata kitanda.

Frida aliona kwamba kunyamaza tena kungekuwa dhambi. Alisema kwamba mama alipata kibali cha kusafiri tangu Machi, akafunga na kijimzigo chake. Ni yeye Frida aliyemzuia, akamwambia asubiri Julai waende pamoja, kwa kuogopa kwamba mzee atasumbuka peke yake melini. "Alinitii, Skolastika. Mei akaugua. Sikumuua, lakini nilimchelewesha."

Skolastika alimtazama, kisha akasema kwamba anataka kwenda kuliona kaburi. Anatoli alitikisa kichwa. Kwa upole alimkumbusha kwamba jina lake yeye bado liko kwenye orodha ya wanaotafutwa kule, na mke wake hataachwa apite. Skolastika alijua. Alifunika uso kwa kitenge.

"Basi nani atalipalilia?" aliuliza kutoka ndani ya kitenge. "Mama hana mtoto mwingine. Litaota majani kama la mtu asiye na mtu."

Frida alipiga magoti mbele yake. Nikodemu naye alisimama, Bi Kuruthumu na wenzake wakasogea wasikie.

"Mbele ya Mungu, na mbele ya mume wangu na mumeo, na mbele ya mama hawa," Frida alisema, "nitalilima kaburi lake kwa mikono yangu kila Jumamosi, mvua na jua, mpaka siku utakapokuja mwenyewe kunipokea jembe. Na nikifa kabla hujaja, binti yangu atalima."