Kitenzi cha Binti wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mlinzi wa shule, pale kwenye baraza ya shule, aliposikia sauti ya binti yake ikitoka dirisha la darasa. Mashine akaizima.

"Vipi, mzee, unaniacha hivi hivi?" mlinzi akalalama.

"Nyamaza bwana! Mwanangu anafundisha."

Leo ndiyo leo. Lilikuwa somo la majaribio. Likienda vizuri, binti anaajiriwa kufundisha Kiingereza. Likiharibika, basi tena. Na binti mwenyewe, jamani, ana kigugumizi tangu utotoni. Nyumbani akikwama tu, baba anammalizia neno. Kwake hayo ndiyo yalikuwa mapenzi.

Kati ya vitenzi vyote vya Waingereza, si kachagua "get"! Kitenzi kisicho na haya, kinaingia kila nyumba bila hodi. Ukipokea zawadi, get. Ukifika nyumbani, get. Ukielewa hesabu, ukipona homa, ukiamka kitandani, get hiyohiyo. Wanafunzi wakacheka, wakaanza kugombania kutoa mifano. Kinyozi kichwa kikamvimba.

"Unasikia mambo hayo?" akamwambia mlinzi. "Damu yangu hiyo!"

"Na neno lenyewe lilitoka wapi?" akauliza mwalimu mkuu, aliyekaa nyuma ya darasa na kalamu yake.

"Waingereza walilitoa kwa wa... wa... wa..."

Kinyozi jibu hakulijua, lakini mdomo ulishafunguka, tayari kusaidia.

"Warumi," mwalimu mkuu akamwahi, kwa upole kabisa.

Binti akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu mkuu. Na naomba uni... unisubiri nimalize mwenyewe." Akavuta pumzi. "Kwa wa... walowezi wa kaskazini. Walikuja kwa meli, wakapigana, halafu wakahamia moja kwa moja, wakaoa. Wao walisema geta. Wenyeji walikuwa na neno ndugu yake, ila la wageni ndilo lililoshika."

Kinyozi akasogea dirishani. Kumkatalia mkubwa, siku ya kuomba kazi!

Mwalimu mkuu akaweka kalamu mezani.

"Samahani," akasema. "Endelea, mwalimu."

Mwalimu! Kinyozi akashika ukingo wa dirisha, machozi yakamtoka bila aibu. Miaka yote ile, yeye baba mzazi, hakuwahi hata siku moja kumwambia mwanawe neno hilo dogo, "endelea".

"Endelea, mwanangu!" akapaza sauti, na darasa zima likageuka.