Bonge Lililojibu "Poa"

Jana usiku niliota nimeshaondoka. Nilijikuta tu ndani ya behewa, bonge langu mapajani, limefungwa kwenye kitambaa. Hilo bonge aliniachia marehemu mke wangu, Sekela. Si chuma, si jiwe, hatukuwahi kujua. Nikilipasha moto linanikanda magoti. Bila hilo sitembei, na kutembea ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo.

Behewa likawa mpaka wa nchi. Ofisa wake ni ndoo ya bati, amevaa kofia. Akasema kitu kisichojulikana hakivuki. Kila kitu kina kiasi chake cha kushika joto, hicho ndicho kitambulisho chake. Kwa hiyo bonge lichemshwe, litumbukizwe kwenye maji baridi, tuone litayapasha kiasi gani. Na joto lote liingie kwenye maji, lisipotelee njiani.

Nikalichemsha. Nalitoa kwa koleo, nalisogeza juu ya kopo la maji baridi. Maji yanasema, "Mambo?"

"Poa," likajibu bonge.

Na likapoa. Papo hapo, hewani, kabla halijagusa kitu.

Nikachemsha upya. Nikayakataza maji kusalimia. Yakanuna: mgeni azame kwetu mpaka chini bila salamu, sisi ni nani? Haya, nikasema, amkianeni kwa heshima. Wakaanza kubishana nani mkubwa, nani atoe shikamoo. Bonge likadai limezaliwa kabla ya mvua. Maji yakacheka. Wanabishana, mvuke unajiendea zake. Nikachemsha tena, kuni zenyewe zinalalamika kuwa zimechoka kuungua.

"Semeni hujambo, sijambo, yaishe," nikawaambia. "Mnanichosha."

Wakasema. Bonge likazama. Kipimajoto kinapanda huku kinahema. Ndoo akainama kusoma. Nikajua sasa navuka.

"Vipi mzee," akaniuliza, "na magoti?"

"Poa," nikasema.

Vikapoa vyote. Koleo, kopo, bonge, na magoti.

Maji yaligeuka barafu. Kuni zilipewa likizo. Kipimajoto kiliacha kazi. Ndoo alipandishwa cheo, akawa pipa. Mimi nilirudishwa kitandani.

Nimeamkia hapa kwa Mama Tupokigwe, nilikopanga. Kitambaa nilikilaza kikavu, kimelowa. Bonge liko kwenye makaa tangu alfajiri, makaa yanawaka, lenyewe baridi. Magoti ndiyo hayo, yamegoma.

Mama Tupokigwe akaleta chai, akaniuliza nimeamkaje. Nikaitazama inavyofuka. Nikainywa yote kwanza, ndipo nikamjibu.