Pedi za Ukungu na Pedi za Moto

Usingizi wa hasira ni mzito kuliko wa shibe, na Subilaga alilala ule wa hasira. Alijitupa kwenye kochi alasiri ya Jumamosi, mikono ingali inanuka grisi, baada ya kugombana na mumewe wakati wa chai ya asubuhi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa pedi za breki, na msicheke, kuna ndoa zimevunjika kwa madogo kuliko hayo. Wawili hawa wana gari moja tu, la spoti, jekundu, la viti viwili. Mwisho wa mwezi Subilaga hulipeleka uwanja wa mbio na kulitesa. Siku nyingine zote Ambokile, ambaye ni mwokaji, hulijaza mikate na kushuka nalo mteremko wa kwao Mbeya kabla ukungu haujaondoka. Sasa, katika mbio zilizopita, pedi za kawaida zilimchokea Subilaga kwenye kona ya mwisho. Kanyagio likazama hadi sakafuni, akaenda kusimamia kwenye majani kama mbuzi, watu wakamwona. Akafunga pedi za mashindano, zile zisizochoka kwa joto, na baada ya kuzijaribu akaziacha hapohapo wiki nzima.

"Mama Lusajo," Ambokile alimwambia asubuhi hiyo, "alfajiri nakanyaga breki, gari linanitazama tu."

"Baba Lusajo, wewe hata toroli lingekutisha."

Ambokile alichukua kofia yake akatoka, na laiti angegombeza kidogo, mke angelala vizuri zaidi.

Subilaga akaota yuko katika nchi ambayo barabara zake zilikuwa za chuma kilichong'arishwa, upande mmoja milima ikiwaka kama makaa yaliyopulizwa, upande mwingine bonde limejaa ukungu mweupe unaokwenda taratibu kama maziwa yanayopanda sufuriani. Alipokuwa anashangaa, akaja mama mnene, mchangamfu, kanga kiunoni, anatafuna muwa. "Karibu, mwanangu," alisema. "Naitwa Kiasi. Wengi hunifikia wakiwa na bandeji, wewe umewahi. Twende, ila usikimbie, mimi magoti yangu hayataki mashindano." Wakapita lango ambapo Bwana Sifa alisimama juu ya meza, amevaa kofia ya mbio na glavu juani, jasho linamtiririka, akinadi kwa sauti iliyokauka: "Bingwa havui viatu vya ubingwa hata akienda dukani! Dada yangu, kaa vilevile ulivyo!" Subilaga akahisi moyo unamwitikia. Kiasi akatema makapi ya muwa. "Anapendwa sana huyo," alisema, "lakini muulize kama aliwahi kushuka kwenye hiyo meza."

Mbele kidogo walikuta jitu limelala chini ya mablanketi, linakoroma kwa mlio mkali uliotia meno ganzi. "Huyo ni Tanuri," Kiasi alisema. "Kule kwenye milima ya moto hana mfano. Atashika gurudumu mzunguko baada ya mzunguko, joto likizidi naye anazidi kunawiri. Lakini apashwe kwanza. Akiwa baridi ni gogo." Kando yake mwanamke mwembamba alikuwa ameketi, mkoba mapajani, macho mang'avu. "Na huyu ni Upole. Huamka kabla ya jogoo, mguso wa kwanza tu ameshika, wala humsikii. Umpandishe kwenye makaa, atazimia mikononi mwako. Si kosa lake, hakuumbiwa huko." Akajitokeza kijana aliyevaa soksi moja ya sufu na mguu mwingine mtupu, akainama kwa adabu. "Mimi Vuguvugu, nafaa pande zote." Subilaga akafurahi, akadhani kazi imekwisha. "Hasemi uongo," Kiasi alikubali. "Anayekwenda uwanjani kwa raha zake, huyu anamtosha. Ila wewe, binti yangu, taratibu umewahi kuiona wapi?" Subilaga akacheka mwenyewe.

Hapo ndipo ukungu wa bondeni ulipopasuka, likatokea gari jekundu linashuka, breki hazishiki. Ambokile yuko ndani, mikate imempanda hadi mabegani, na chini ya mteremko wanawake walikuwa wakivuka barabara na ndoo zao kichwani. Subilaga akamrukia Tanuri, akavuta mablanketi. "Amka! Mume wangu!" Jitu likafumbua jicho moja. "Mbona mapema? Nipasheni moto kwanza," likasema bila ubaya wowote, likageuka upande. Upole alikuwa palepale, ameshasimama, mkoba begani. "Mbona huendi?" Subilaga alimlilia. "Sijaitwa," Upole akajibu. Basi Subilaga akafungua kinywa amwite, na sauti haikutoka, kwa sababu mkono wa mtu ulikuwa umemziba mdomo. Akageuka, akamwona Kiburi amempanda mgongoni, mzito, kavaa sura yake Subilaga mwenyewe. "Ukimwita huyo," Kiburi alimnong'oneza, "utakuwa umekiri kwamba mumeo alisema kweli." Gari likazidi kushuka. Subilaga hakumtazama Kiasi apewe shauri, wala Kiasi hakulitoa. Akaung'ata ule mkono kwa nguvu zake zote, akapiga kelele.

"Upole!"

"Nani huyo Upole?" Ambokile alikuwa amesimama mbele ya kochi, kofia mkononi.

Subilaga akajiinua akaketi, nywele zimesimama, alama ya meno kwenye mkono wake mwenyewe. Na pale pale yote yakampambazukia: hakuna hata mmoja katika wale watatu aliyekuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kumtaka mmoja aifanye kazi asiyoiweza, kisha kumcheka anayeumia.

"Nimekuja kukwambia," Ambokile akasema, "ziache tu pedi zako. Nitashuka kwa miguu, mikate nitaibeba kwa awamu."

"Huendi popote kwa miguu, baba Lusajo. Za kwangu nitazifunga hukohuko uwanjani, nizifungue kabla ya kurudi. Za huku nyumbani ni zako." Akainuka. "Ulisema kweli. Usinifanye nirudie, hilo limenitoka kwa shida."

Alitoa jeki, akafungua magurudumu, akafunga pedi mpya za barabarani. Pedi ngeni hazishiki diski ya gurudumu papo hapo. Lazima zizoeane nayo, uende kasi kidogo, upunguze polepole, uiache ipoe, uanze tena. Kwa hiyo jioni ile majirani waliliona gari jekundu likienda na kurudi kwenye barabara tambarare, likikimbia, likipunguza, likikimbia tena, wakasikitika kwamba limeharibika. Waliokuwa karibu tu ndio walioona kwamba dereva ni Ambokile, na kwamba mkewe, pembeni, hakumkosoa hata mara moja.