Masaa Manane Barabarani

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Wanjala, dereva wa chama cha maziwa cha Kitale, aliitwa mwizi uani mbele ya wapakiaji wote, naye aliyemwita ni meneja Kiplangat, mtu ambaye hajawahi kuinua hata mtungi mmoja. Sasa walikuwa ofisini. Barua ya kumfuta kazi ilikuwa mezani, na lori lililojaa maziwa lilikuwa nje juani.

"Masaa manane kutoka hapa mpaka Bungoma, safari ya masaa mawili!" Kiplangat aligonga kioo cha kompyuta. "Umetoka saa sita usiku, ukafika saa mbili asubuhi. Ulikuwa unauza maziwa na kuongeza maji wapi? Hapo njiani Kamukuywa?"

"Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi, bana. Kila siku."

"Mashine haidanganyi."

Miaka kumi na mmoja ya kusukuma lori kwenye matope, na leo anayeaminiwa ni sanduku lililoletwa Januari hii ya 2006! Wanjala akamgeukia karani, Chepkemei, aliyekaa kwenye kompyuta ile.

"Madam, sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na kompyuta inasema ngapi?"

"Nne pia," Chepkemei alijibu kwa fahari. "Ilipokuja ilikuwa inasema ati ni saa sita, na jua ndio linachomoza. Nikairudisha nyuma masaa sita mwenyewe, isome kama sisi."

Kiplangat aliinama akatazama. Kando ya ile nne paliandikwa AM; kwa mashine ile ilikuwa saa kumi alfajiri, hakujakucha bado. Lori likitoka saa kumi na mbili asubuhi, yenyewe iliandika saa sita usiku. Kompyuta ya Bungoma, maziwa yanakopokelewa, hakuna aliyeigusa, na programu ilitoa saa za huku kwenye saa za kule bila kuuliza mtu.

Meneja alikohoa. Barua hakuichana, aliitia kwenye droo.

"Basi, yameisha. Washa gari, maziwa yanaharibika."

"Wapakiaji bado wako hapo nje. Toka uwaambie mimi si mwizi."

"Usinifundishe kazi. Enda!"

Wanjala alijua ana karo ya watoto watatu ya kulipa na hana kazi nyingine. Hata hivyo akaweka ufunguo wa lori juu ya kibodi.

"Peleka mwenyewe. Kwa kompyuta yako bado ni saa kumi alfajiri. Hujachelewa."