Mhafidhina Mamboleo wa Molo

Amulen alinipigia simu nikiwa shambani napalilia mihogo, akaniambia baba yake amekataa chakula na ananitaka mimi. Nilimwuliza mara mbili kama kweli ni mimi ninayetakiwa. Baba yake, Ecweru, alikuwa hajanisemesha tangu mwanawe Ekaju aende Iraki, na katika muda huo watoto niliowafundisha darasani wamekuwa na watoto wao.

"Ni wewe, papa Okedi," alisema. "Anasema uje umweleze lile neno lako vizuri."

Sikuuliza neno gani. Nilitupa jembe pale pale nikaenda kutafuta shati safi.

Mimi na Ecweru tulichunga ng'ombe pamoja Molo, kijiji chetu karibu na Tororo, Uganda, tukasoma pamoja, na chuoni tukalala chumba kimoja. Wakati huo sote wawili tulikuwa wajamaa wa kukata na shoka. Tulivaa viatu vya matairi kwa makusudi na tulimwita kila mtu "komredi," hata mpishi ambaye hakupenda. Baadaye mimi nikawa mwalimu wa historia mjini Tororo, yeye akawa bwana mifugo. Kisha vikaja vita vya kwetu Teso na wezi wa ng'ombe, na katika majuma machache zizi la baba yake likabaki kinyesi kikavu. Ecweru alibadilika. Alianza kusema kwamba serikali isiyo na nguvu si serikali pole, ni serikali inayomwachia mwizi kazi. Mimi nilibaki nilipokuwa, maana sisi wengine tukisimama mahali huwa tunaota mizizi.

Kila Jumapili baada ya misa tulikutana kwa Maggie kunywa ajono, ile pombe ya ulezi inayoongezwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Pale walikuwapo Wateso, Wasamia na Wajopadhola, kwa hiyo tulibishana kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. Watu walitoka mpaka Paya kuja kutusikiliza. Wengine hawakujua Iraki iko upande gani wa dunia, lakini walijua nani kashinda siku hiyo.

Marekani ilipoivamia Iraki, Ecweru peke yake ndiye aliyefurahi pale chunguni. Mimi nilikuwa nimesoma gazetini juu ya watu waliosukuma vita vile, nikamwambia, "Wewe si mjamaa tena, wewe ni mhafidhina mamboleo!" Watu walicheka mpaka Maggie akamwaga maji ya moto. Kufika jioni jina lilikuwa limeshika. Watoto njiani walimsalimu, "Yoga, Mamboleo!" naye akawaitikia, kwa kuwa alikuwa mtu asiyekasirishwa na jina.

Kilichotuvunja ni Ekaju. Yalikuja makampuni kuandikisha vijana wa kulinda kambi za Wamarekani kule Baghdad, na Ecweru akampeleka mwanawe wa pekee wa kiume, kwa mkono wake mwenyewe, akijivuna. Nilimwambia mbele ya watu, "Wenye wazo wako Washington na kahawa yao. Ekaju ndiye atakayesimama getini." Aliutoa mrija wake chunguni, akaupangusa polepole, akaondoka. Ekaju alimaliza mkataba, akachukua mwingine, kisha simu zake zikakoma. Mmoja alisema kamwona Dubai. Mwingine akasema si yeye, ni mtu wa Soroti tu aliyefanana naye. Baada ya hapo hakuna aliyesema lolote. Ecweru akahamia kwa bintiye Busia, upande wa Kenya.

Nilisema kweli siku ile na sitaifuta. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba kweli nayo ina upweke wake. Jumapili baada ya Jumapili nilikaa pale kwa Maggie nikitoa hoja, na wenzangu wakaitikia, "Sawa, mwalimu," wakavuta pombe yao. Nilikuwa na hamu ya Ecweru kiasi cha kuniuma mbavu. Kuna siku nilipita njia ndefu ya Busia bila shida yoyote mjini, nikasimama ng'ambo ya barabara, nikaitazama saluni ya Amulen, nikarudi nyumbani na kumwambia mke wangu nilikwenda kununua kamba.

Basi siku hiyo nilivuka mpaka kwa miguu huku nikijiapia jambo moja: sitabisha. Mgonjwa habishiwi. Akisema jua huchomoza Tororo na kutua Tororo, nitasema naam.

Amulen alinipokea mlangoni mwa saluni, mikono yake ina mafuta ya nywele. "Usishtuke, papa," aliniambia. "Daktari amesema ni ini, na wamemruhusu akae tu nyumbani. Amebaki macho na mdomo."

Alikuwa chumba cha nyuma, kwenye kitanda chembamba. Kweli alikuwa amebaki macho na mdomo. Nilitaka kumshika mkono, nikashika ukingo wa shuka.

"Mwalimu," alisema, "wewe nazeeka vibaya."

"Naam," nilisema.

"Kaa chini. Ile jina ulinipa, mimi nabeba miaka yote na hata sijui baba yake ni nani. Niambie. Hawa watu ilikuwa nani? Walikuwa tajiri?"

Nilikaa nikamweleza kama nilivyozoea kueleza darasani, tangu mwanzo. Nilimwambia kwamba wale wa kwanza hawakuwa matajiri. Walikuwa vijana wa New York, wengi wao watoto wa Wayahudi waliohamia kule, baba zao washonaji na wachuuzi. Walisoma chuo cha bure cha jiji, na mchana walikaa kwenye vipembe vya ukumbi wa kulia, wakabishana juu ya ujamaa mpaka chai ikapoa.

"Wajamaa?" Ecweru aliinua kichwa.

"Wajamaa wa kukata na shoka. Ila walimchukia Stalin, na wale waliomtetea walikaa kipembe cha pili. Hawa wakawarushia wale maneno kutwa nzima."

"Kama kwa Maggie."

"Kama kwa Maggie, bila ajono."

Alicheka kidogo, akakohoa. Nilimngoja. Kisha nikamweleza jinsi vijana wale walivyokua na kuona mengi. Waliona ukatili wa Wasovieti. Waliona nchini mwao serikali inaanzisha miradi ya kuwainua maskini, na mingine, kwa maoni yao, inazaa matatizo mapya. Waliona vyuo vinawaka moto wa migomo miaka ya sitini, na baada ya kushindwa Vietinamu wakaona chama chao wenyewe kinaogopa hata kutaja nguvu. Wakaanza kuandika kwamba nia njema haitoshi. Rafiki zao wa zamani wa mrengo wa kushoto wakaudhika, wakawaita wahafidhina wa mtindo mpya, kuwasuta. Baadhi walikataa jina, wengine wakalivaa.

"Kwa hiyo hata wao," alisema Ecweru, "jina walipewa na rafiki."

"Ndivyo," nilisema, nikatazama sakafu.

"Na mambo ya Iraki?"

"Hiyo zaidi ni kazi ya waliowafuata, kizazi cha pili. Wasovieti walipoanguka, hao wakasema Marekani imebaki na nguvu kuliko wote, na nguvu hiyo itumike kung'oa madikteta na kupanda demokrasia. Walisema hakuna binadamu anayependa kukanyagwa, awe Mwarabu au nani."

Ecweru alifumba macho. "Mimi nakumbuka Tororo," alisema. "Wewe pia ulikuwa. Tulisimama kando ya barabara, Watanzania wakaingia, Amin amekimbia. Mama yangu alilala chini akabusu lami. Hiyo ilikuwa jeshi ya nje, mwalimu. Sisi tulikombolewa na watu wa nje. Sasa mimi ningesema nini juu ya Wairaki? Wao wangoje nani?"

Hoja hiyo nilikuwa na jibu lake tangu zamani, limenikaa kooni. Nikalimeza.

"Ndivyo," nilisema.

"Niliwaza sawa?"

"Ndivyo."

Alifumbua macho. "Na Ekaju? Kumpeleka Ekaju, nilifanya sawa?"

Sauti yake ilipungua pale, na nilijua kwamba hilo ndilo aliloniitia. Mengine yote, New York na washonaji wake, yalikuwa njia ya kufika hapo. Alitaka kufa akijua kama alimtoa mwanawe kwa jambo lenye maana.

"Ndivyo, Ecweru," nilisema.

Lazima nieleze kosa nililofanya, maana mtu asiyekunywa kwa Maggie hawezi kuliona. Pale kwetu mwenzetu akifa, baada ya mazishi tunapika ajono, tunaweka mrija wake chunguni, na kila mmoja kwa zamu anataja jambo ambalo marehemu alizoea kulitetea. Wote tunaitikia, "Ndivyo." Hata adui yake huitikia, kwa sababu marehemu hana tena mdomo wa kujitetea, na kumbishia ni kumwibia. Tumemkubalia hivyo mlevi aliyesema dunia ni bapa. Ndiyo maana mtu akikubaliwa maneno matatu mfululizo pale chunguni, huruka na kuuliza, "Kwani nimekufa?"

Ecweru hakuruka, hakuwa na nguvu hiyo. Machozi yalimtoka tu, yakaingia masikioni.

"Okedi," alisema, "wewe nakunywa matanga yangu na mimi bado napumua?"

Niliona haya mpaka miguuni.

"Kila mtu hapa ananikubali," alisema. "Padri nakuja, anasema mapenzi ya Mungu. Amulen anasema, papa usiwaze. Nilikuita wewe kwa sababu wewe hapana mtu mzuri. Sasa sema."

Nikasema. Nilianza polepole, kisha mikono ikaingia kazini na sauti ikapanda kama ya miaka ile.

"Ulikosea! Watanzania walikuja, ndiyo, na mama yako akabusu lami. Halafu nini? Serikali ngapi zilianguka kabla ya mwaka kugeuka mara mbili? Vita vingapi? Ng'ombe wa baba yako aliwachukua nani, Amin? Kung'oa ni kazi ya wiki chache, Ecweru. Wale jamaa zako walianza kwa kusema serikali haiwezi kunyoosha hata mtaa mmoja wa maskini nyumbani kwake, wakamaliza kwa kusema inaweza kunyoosha nchi nzima ya watu wengine kwa vifaru! Hawakusikia walivyojipinga?"

"Hiyo ni hoja," alisema Ecweru. Rangi ilikuwa imemrudi kidogo usoni.

"Na Ekaju ulikosea. Hukumpeleka kwa mshahara, angalau wengine walipeleka kwa shida. Wewe ulimpeleka kwa wazo. Alikuwa hataki. Alikuwa anataka kufuga kuku."

Amulen alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki.

Kule saluni mtu alikuwa anacheka chini ya mashine ya kukausha nywele.

"Alitaka kuku," Ecweru alisema mwishowe. "Umekumbuka. Watu wote wamesahau alitaka kuku." Akajifuta uso kwa shuka. "Asante, ndugu yangu. Hiyo ndiyo nilitaka kusikia kwa mtu, maana mimi peke yangu nilikuwa nachoka kuisema."

Hapo nikamshika mkono. Nilimwambia kwamba nimekuwa na hamu naye, kwamba nimezeeka kwa kukubaliwa. Aliniminya vidole.

"Lakini hiyo ya Watanzania," alisema, "hujashinda. Niko na jibu. Wewe nasema kilichofuata kilikuwa kibaya. Mimi nakuuliza..." Kikohozi kikamkata. Amulen akaja na maji, akaniambia kwa macho kwamba yatosha. "Kesho," Ecweru aliniambia. "Njoo kesho nikumalize."

Nilirudi Molo nikiwa mtu mwenye furaha. Njia nzima nilitafuta jibu lake litakuwa nini, nikaandaa la kwangu. Nilimwambia mke wangu asinipangie kazi, nina mjadala Busia. Kabla jogoo hajawika Amulen alipiga simu, na nilijua kabla hajasema.

Tulimleta Molo, tukamzika karibu na baba yake. Jumapili iliyofuata Maggie aliinjika ajono. Mrija wa Ecweru aliuleta Amulen kutoka Busia, ukawekwa chunguni mahali pake, kando ya wangu. Kila mmoja alisema lake. Mzee Olupot alisema Ecweru alitetea dawa ya kupe kuliko mitishamba, tukaitikia, "Ndivyo." Annet, mke wake Olupot, alisema Ecweru aliamini hakuna binadamu anayezaliwa apende kukanyagwa, tukaitikia, na mimi niliitikia kwa moyo.

Zamu ilinifikia. Walikuwa wananingoja kwa heshima, maana wote walijua tulivyokuwa. Nilijua la kusema: Ecweru alisema jeshi la nje linaweza kuwaletea watu uhuru. Wao wangeitikia, nami ningeitikia, na mjadala wetu ungefungwa hapo.

"Ecweru alisema jeshi la nje linaweza kuwaletea watu uhuru," nilisema. Vinywa vikafunguka kuitikia, nikainua mkono. "Alikosea."

Olupot alinishika bega. "Mwalimu, hapana. Leo ni siku yake."

"Alikosea," nilirudia, sasa nikiutazama ule mrija kando ya wangu. "Na ana jibu. Aliniambia analo."

Hakuna aliyevuta pombe. Maggie alibaki na birika lake mkononi. Nami nikangoja, maana Ecweru siku zote alikuwa na kawaida ya kumeza pombe yake kwanza ndipo anijibu.