Mkono wa Kulia wa Jaketi la Jinzi

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu ni jinzi tu. Ukiniletea hariri nitakuonyesha mlango. Mtaani wananiita Sindano, wengine kwa sababu ya kazi, wengine kwa sababu ya mdomo wangu, na sina ugomvi na yeyote kati yao.

Kila asubuhi nikifungua kibanda nayaona majaketi ya jinzi yakipita. Mwalimu kalivaa juu ya gauni, muuza mayai kakunja mikono, dada wa benki kalitupia mabegani kana kwamba halimhusu. Mengi nayajua mpaka ndani. Jinzi ikivaliwa kila siku humfuata mwenyewe: hufifia pale anapoegemea, hujikunja pale anapojikunja. Hilo nalijua miaka ishirini, wala halikuwa likinishangaza tena.

Kaka zangu wawili walinunuliwa majaketi yao na mama siku moja, duka moja, saizi moja. Kaka Mkubwa ni mpiga lipu. Anayemfuata ni dereva wa lori, na nyumbani tunamwita Dereva tu. Wameyavaa miaka kumi na mitano, kazini na misibani, mpaka watu wakadhani ni sare ya ukoo.

Kisha Kaka Mkubwa akapata kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi, lakini mkono wa kulia ulibaki umekunjika kwenye kiwiko, haunyooki. Miezi minne hakuvuka geti. Mkewe alikuwa tayari kumvalisha kila siku, naye akakataa katakata.

"Sivalishwi kama mtoto wa chekechea," alisema. "Siku nitakayolivaa jaketi langu mwenyewe, ndiyo siku nitakayotoka."

Tungemwacha na ukaidi wake kama si msimamizi wake wa zamani kutuma ujumbe. Aje kazini akae kwenye kiti, awaelekeze wapiga lipu kwa macho na mdomo. Lakini aanze Jumatatu. Asipofika, nafasi anapewa mwingine.

Ijumaa wifi yangu akaja kibandani na jaketi mkononi.

"Wifi, nipanulie hapa kwapani. Mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko halafu unakwama. Jana kajaribu mara tisa. Ya kumi akalitupa ukutani, akanigeuzia mgongo nisimwone."

"Kwani alikuwa analia?"

"Unataka nikujibu?"

Nikalipokea jaketi, nikalitandaza mezani.

Jaketi la Dereva nalo lilikuwa kibandani, limechanika kwapa hilohilo la kulia. Nikafumua mikono ya kulia yote miwili, nikaitia alama kwa chaki. Mshono wa jinzi ni mnene, usipoupondaponda kwanza sindano inakatika, kwa hiyo nikailowesha mishono na kuigonga kwa nyundo. Nikashona nikiwa nimeyageuza ndani nje, kama siku zote. Jumamosi Dereva akachukua lake haraka, injini inanguruma nje. Jumapili mchana nikampelekea Kaka Mkubwa la kwake.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Hakunisalimu. Akalitandaza jaketi mapajani kama alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi hospitalini, mkono mgonjwa uanze. Wifi akasogea. Nikamvuta gauni, akarudi nyuma.

Kwa mkono wa kushoto akaanza kuvuta. Kitambaa kikapanda taratibu mpaka kwenye kiwiko, na pale akasita. Nilijua kama utakwama, Jumatatu haipo tena, na sijui kama kungekuwa na Jumanne.

Akavuta tena. Jinzi ikakata kona pamoja na mkono wake. Sijui niseme vipi. Haikushindana naye. Ilijikunja palepale alipokunjika, na vidole vyake vikatokeza upande wa pili kimoja kimoja. Akautupa upande mwingine mgongoni, akaingiza mkono wa kushoto, akainuka. Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kaka Mkubwa akajitazama. Halafu akautazama ule mkono wa jaketi kwa muda mrefu.

"Sindano. Huu si wangu."

Nikasogea, nikautazama kwa nje kwa mara ya kwanza tangu niushone. Kiwiko kilikuwa cheupe, kimepauka kwa jua upande mmoja tu, na mikunjo yake imekaa kama imepigwa pasi. Ule wa kwake una madoa ya chokaa na umenyooka, kwa sababu mpiga lipu anafanya kazi mkono ukiwa juu. Huu ulikuwa mkono wa mtu anayeweka kiwiko dirishani mwa lori mchana kutwa. Maji na nyundo vilifuta chaki yangu, na jinzi kwa ndani zote ni nyeupe-nyeupe. Miaka ishirini, nikaenda kuwachanganya ndugu zangu mwenyewe!

"Nisamehe, kaka. Vua, nifumue sasa hivi," nikasema, wembe nimeshautoa.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Ukigusa uzi mmoja hapa, tutakosana mimi na wewe."

Jioni Dereva akapita, analalamika tangu mlangoni.

"We Sindano, jaketi langu umelifanya nini? Tangu jana kiwiko kinanibana, nikajua nimenenepa."

Kisha akamwona kaka yake amesimama katikati ya chumba, amevaa. Tulimweleza. Dereva akakaa chini sakafuni, akaushika ule mkono wa jaketi, akaupapasa kiwiko.

"Hata mimi sikujua kiwiko nakiweka dirishani hivyo," alisema. Akavuta kamasi, akajifuta pua. "Baki nao. Huu wako mimi nitaukunja mwenyewe, barabara ni ndefu."

Jumatatu nilifungua kibanda mapema kuliko kawaida. Nilijiambia ni kazi nyingi, uongo mtupu. Kaka Mkubwa akapita saa moja na nusu, peke yake. Alitembea polepole, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Mkono ulikuwa bado umekunjika, na ninavyojua mimi utabaki hivyo. Nilikuwa na suruali ya mteja chini ya sindano na sikuweza kuiona kwa machozi.

Muuza mayai alimsalimu bila kugeuka. Dada wa benki akampisha njia. Hakuna aliyemwangalia mara mbili, maana walichokiona ni mtu amevaa jaketi lake la jinzi, anaenda kazini.