Filimbi Isiyopwaya

Mtaani walimwita Bibi Atakua, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko nguo alizowashonea watoto wao. Alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini, mkono mwepesi, mshono usioachia. Lakini ukimpelekea mtoto wa kushonewa gauni, alipima kifua, akapima kiuno, kisha akaongeza inchi mbili za kwake mwenyewe. Ukiguna, jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Atakua."

Aliyeonja zaidi utamu wa inchi hizo ni mjukuu wake wa miaka saba, aliyeishi naye tangu mama mtu apate kazi mji mwingine. Viatu vya mtoto vilijazwa pamba nchani. Sare ya shule ilifika magotini na kuendelea na safari. Sweta ilikunjwa mikono mara tatu, na ya kukunja bado ilibaki. Mtoto hakuwa mtu wa maneno. Akiulizwa, alijibu, "Inanitosha, Bibi," akavuta mikono ya sweta juu, akaenda zake kucheza.

Kitu kimoja tu ndicho alichowahi kukililia: kujifunza filimbi, ile ya muziki yenye matundu. Mwaka uliopita aliomba aandikishwe darasa la Jumamosi, Bibi akasema bado mdogo, asubiri akue. Akasubiri mwaka mzima. Sasa ameandikishwa, somo la kwanza ni leo saa nne, na mwalimu hakumumunya maneno: kila mtoto aje na filimbi yake, asiye nayo asubiri darasa la mwakani.

Na Bibi, kwa kuwa alikuwa na magauni sita ya harusi ya kumaliza, alifika dukani na mjukuu siku hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, uzi mweupe ukiwa bado umemnasa begani.

Muuzaji wa ala za muziki, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, alipanga filimbi tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya plastiki, urefu wa mwiko. Ya pili ya mbao, imeizidi kidogo. Ya tatu, mbao tupu iliyong'arishwa, ilikaribia urefu wa mguu wa mtoto.

"Ya kuanzia ni hii ndogo, mama," alisema. "Haipasuki, na unaiosha kwa maji na sabuni. Wote huanza nayo."

Bibi aliitazama kama mtu aliyeagiza mita tatu akakatiwa moja.

"Mwanangu, si mwakani itakuwa imeshambana? Nipe ile ndefu."

Muuzaji akacheka, kisha akagundua anacheka peke yake. "Ile wanapiga watu wazima, mama."

"Kwani huyu ana mpango wa kubaki mtoto?"

Wakavutana. Huyu anasema vidole, yule anasema miaka. Mwishowe Bibi akashusha pumzi, akasogeza mkono mpaka kwenye ile ya pili. "Haya, kwa ajili yako nimepunguza. Ya kati," akasema, kana kwamba yeye ndiye mwenye duka.

"Basi ajaribu kwanza," muuzaji akasihi. "Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa tunahitaji vinane. Tundu moja tu likiachia hewa, filimbi inalia vibaya."

Mtoto akaikunja mikono ya sweta, akaishika filimbi, akapuliza. Ukatoka mlio wa mlango usiojua mafuta. Akapanga vidole upya, akapuliza tena. Mlango ule ule. Akaitoa mdomoni, vidole bado juu ya matundu.

"Inanitosha, Bibi."

Bibi akatabasamu, akafungua mkoba. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia ile mikono. Kwa miaka arobaini alikuwa ameona wateja walioapa kwamba gauni limewakaa, huku wamebana pumzi zipu isifumuke. Mtu anayejidai kutoshwa hakuweza kumpita. Vidole vya mtoto vilikuwa vimetanuliwa mpaka vinatetemeka, na kile cha mwisho kilining'inia hewani, hakijagusa kitu. Mtoto mwenyewe alikuwa akitazama saa ya ukutani.

"Mke mwenzangu," Bibi akamwambia mjukuu taratibu, "niambie kweli. Vidole vinafika?"

Mtoto akaishusha filimbi. "Havifiki."

"Sasa mbona umesema inakutosha?"

"Nikisema havifiki, utasema nisubiri nikue." Midomo ikaanza kumcheza. "Na mimi nakua, Bibi. Lakini kila nikikua, wewe unaongeza."

Muuzaji ghafla akaona vumbi kwenye gitaa lililokuwa mbali, akaenda kulifuta.

Bibi aliumia, na aliumia kwa sababu ni kweli. Akiba haiozi, ndivyo alivyojiambia siku zote. Kumbe ilikuwa woga. Siku hizi tundu la sindano lilimsumbua, uzi aliulenga mara tatu ndipo uingie, na kila nguo kubwa aliyoshona ilikuwa ya kumstiri mjukuu siku ambayo yeye hataona tena kushona. Alidhani woga huo anaubeba peke yake. Mtoto alikuwa ameuvaa kuanzia viatu mpaka sweta.

Akachomoa futi ya kupimia shingoni, maana alitembea nayo kama wengine wanavyotembea na mkufu. Akautandaza mkono wa mtoto juu ya kaunta na kuupima, kidole gumba mpaka cha mwisho.

"Tano na nusu," akatangaza.

Mtoto alijua hesabu za bibi yake. "Na mbili?"

"Hakuna mbili."

Muuzaji hakungoja kuambiwa, akaileta ile ndogo. Kidole gumba nyuma, kimoja mbele, mtoto akapuliza. Ikatoka sauti moja, safi, ikajaa duka zima. Mtoto alishtuka hata akacheka ndani ya filimbi, nayo ikapiga kelele, na wote watatu wakacheka. Akaziba matundu mawili, matatu, kisha yote. Vidole vinane vilitua kila kimoja mahali pake, na Bibi alijikuta akifuta macho kwa ncha ya futi.

Saa tatu na nusu muuzaji alikuwa akifunga mzigo. Mazoea ya biashara yakamshinda. "Mama, akifika miaka kumi hivi, mkono utatosha ile ya kati, ya mbao. Nikuwekee?"

Bibi akaitazama ile filimbi ya mbao. Mbao nzuri, isiyo na doa, na mkono wake ukamwasha.

"Usiniwekee, mwanangu," akasema, akimshika mtoto mkono. "Ana miaka saba, na ana somo saa nne."